Mfalme Hakuikanyaga: Fort Jesus ni Ngome ya Nani?

Kuna hoja ambayo huibuka kila vijana wa Mombasa wanapozungumzia mabaki ya ukoloni: kwamba Fort Jesus ni jengo la aibu, ukuta wa mkoloni tulioachiwa, na kwamba tumekosea kuufanya uwe sura ya mji wetu kwenye kalenda na matangazo ya watalii. Wanaosema hivyo wana sababu nzito, na nitazitaja kwa haki. Lakini nadhani wanamzawadia mfalme wa Hispania kitu ambacho damu ya pwani ilishakilipia zamani.

Tuanze na upande wao. Ngome ilianza kujengwa 1593 kwa amri ya Philip II, aliyekuwa pia mfalme wa Ureno wakati huo, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Kabla ya hapo Wareno walikuwa wameuchoma mji huu 1505, wakaurudia 1528. Shabaha yao ilikuwa njia ya Goa, makao yao makuu huko India, na kuhakikisha hakuna jahazi linalopita bila hati yao na ushuru wao. Mtawala wa Malindi aliyehamishiwa Mombasa kama rafiki wa Wareno aliona urafiki huo ulivyo: mwanawe, Sultan Hasan, aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia Rabai mwaka 1614, akauawa huko, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Anayeniambia kwamba ngome hii ilisimamishwa ili kutubana koo, sina la kumjibu.

Sababu yao ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa inahusu masimulizi. Ngome ilipoacha kuwa jela mwaka 1958 na kufunguliwa kama makumbusho 1960, fedha za ukarabati zilitoka Lisbon, kwa wakfu wa Gulbenkian, na uchimbaji wa kiakiolojia uliongozwa na Mwingereza James Kirkman. Kirkman alifanya kazi kubwa ambayo hatuna budi kuishukuru. Lakini fikiria wakati wenyewe: Ureno ilikuwa bado inaikalia Msumbiji, na sisi hatujapata uhuru. Hadithi iliyopangwa humo ilianza kwa mjenzi, ikafuata makapteni mmoja baada ya mwingine, na mpaka leo mgeni akitoka pale hukumbuka kwanza mambo mawili: kwamba Wareno waliijenga, na kwamba ukiitazama kutoka juu ina umbo la mwili wa binadamu. UNESCO ilipoiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2011, sifa iliyovuma ilikuwa ni hiyohiyo ya ufundi wa Ulaya.

Haya yote nayakubali. Ninapoachana nao ni pale wanapohitimisha kwamba kwa hiyo ngome si yetu.

Hesabu miaka. Kutoka 1593 kazi ilipoanza hadi Desemba 1698 Waomani walipoitwaa ni miaka 105. Toa miezi ya 1631 na 1632 ambayo Wareno walikuwa nje ya ukuta, ongeza ule mwaka na nusu hivi waliporudi, 1728 hadi 1729, kabla watu wa Mombasa hawajawainukia na kuwatoa. Ukikadiria kwa ukarimu, Wareno hawafiki miaka 107. Kuanzia 1698 hadi Waingereza walipoigeuza jela mwaka 1895, ukitoa huo mwaka na nusu, ngome ilikuwa mikononi mwa Waomani, Mamazrui (ukoo wa magavana wenye asili ya Oman) na Mabusaidi (ukoo wa masultani wa Oman na Zanzibar) kwa takriban miaka 195. Ni karibu mara mbili! Jela ya Waingereza ikachukua 63. Kwa hiyo katika miaka 365, tangu jiwe la kwanza hadi mfungwa wa mwisho, wale tunaowapa jengo hili lote wana chini ya theluthi moja. Nimewahi kuitaja hesabu hii mbele ya watu waliozaliwa Kibokoni, hatua chache kutoka langoni, wakashangaa. Hilo la kushangaa ndilo linalonikera, kwa sababu tarehe zote hizi zinajulikana na zimeandikwa. Ni mpangilio tu wa masimulizi ndio unaozificha.

Najua jibu litakalokuja: Waomani nao walikuwa wageni, na pwani hii ilijua utumwa chini yao. Ni kweli, na sitaki kuupaka rangi utawala wowote. Watumwa waliouzwa pwani hii hawakujali bendera ipi inapepea juu ya buruji. Hata hivyo Mamazrui hawawezi kuwekwa kapu moja na makapteni waliokaa miaka michache wakarudi Goa na mali zao. Walioa hapa, wakazungumza Kimvita, wakazikwa hapa. Gavana wao Muhammad bin Uthman alipokataa mwaka 1741 kumtambua mtawala mpya wa Oman, Mombasa ilianza kujiendeshea mambo yake. Alipouawa ndani ya ngome mwaka 1746, nduguye Ali aliirudisha kwa msaada wa watu wa mji. Utawala wao uliegemea makubaliano na Thalatha Taifa na Tisa Taifa, miungano miwili ya Waswahili wa Mombasa, na bila wazee wa mataifa hayo kumi na mawili hakuna Mazrui ambaye angelala salama ndani ya zile kuta. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa kuliko wote tuliowapata mji huu, alitunga tungo zake za vita akiusimamia mji huo dhidi ya Seyyid Said, sultani wa Oman wa ukoo wa Busaidi. Vita hivyo tulishindwa 1837. Lakini watu hawatungi mashairi ya namna ile kuhusu jengo wanaloliona la kigeni.

Hata katika karne ya Wareno, ukitazama ni nani aliyekuwa ndani ya ukuta, picha inabadilika. Mafundi walitoka Goa, vibarua wakatoka Malindi. Mwaka 1631 aliyeitwaa ngome kwa mara ya kwanza kutoka kwa Wareno alikuwa Yusuf bin Hasan, mtoto wa yule sultani aliyekatwa kichwa. Walimchukua mdogo, wakamlea Goa, wakambatiza Jerónimo, wakamrudisha awe mtawala mtiifu. Siku ya sikukuu mwezi wa Agosti aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Kisha waliokataa kurudi au kuingia katika Uislamu waliuawa, Wareno na Wakristo Waafrika, wanawake na watoto wakiwemo. Sitaki kumfanya shujaa asiye na doa. Mauaji yale yalikuwa ya kutisha, na Kanisa linawaita waliokufa mashahidi. Ninachosema ni kwamba huwezi kuieleza siku ile kama habari ya Wareno. Ni habari ya mtoto wa Mombasa na kile alichofanyiwa, na kile alichokifanya.

Wareno waliporejea, kapteni Francisco de Seixas de Cabreira aliweka juu ya lango jiwe la maandishi lenye mwaka 1635. Lipo mpaka leo. Linajisifu kwamba aliirudisha pwani katika utii, akawatoza kodi wafalme wake, akabomoa kuta za Pate na Siyu, akaiadhibu Pemba na kuwaua viongozi wake walioasi. Wageni hupita chini yake wakipiga picha. Wapinzani wa ngome hulitaja jiwe hili kama ushahidi wao, nami nalitaja kama wangu. Lisome tena: Pate, Siyu, Pemba. Ni orodha ya waliokataa. Kapteni alitaka kuandika ushindi wake, akaishia kutuachia kumbukumbu ya miji iliyomsumbua hadi akahitaji kujisifu kwa kuivunja.

Kisha kuna mazingiwa makuu, Waomani walipoizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Yanasimuliwa kama vita vya Wareno na Waarabu. Ndani ya ukuta, tangu mwanzo, Wareno walikuwa wachache sana, na wengi walikuwa watu wa pwani waliokimbilia humo. Tauni ikaingia. Mwishoni mwa Agosti 1697 kapteni alikufa, na Wareno wengine walikuwa wameshakwisha. Aliyeishika ngome ya mfalme wa Ureno wakati huo alikuwa Bwana Daud wa Faza, mji wa visiwa vya Lamu, pamoja na jamaa zake wachache, wanaume Waafrika wasiofika kumi na wanawake Waafrika wapatao 50. Waliushika ukuta hadi msaada ulipokuja mwezi uliofuata.

Hapa ndipo mjadala wa fahari na aibu unaponishinda kuugawa vipande viwili vilivyonyooka. Bwana Daud alikuwa upande wa Wareno. Wengine wa pwani walikuwa nje, upande wa Oman. Kila mmoja alikuwa na sababu zake: ugomvi wa Faza na Pate, hofu ya kulipiziwa kisasi, maslahi, ahadi. Nani kati yao alikuwa msaliti? Sioni haki ya kulijibu swali hilo kwa niaba yao. Wale wanawake 50 hawana hata majina katika masimulizi yetu, na huenda wengi wao hawakuwa na hiari ya kuwa mle ndani. Bado ni wao walioulinda ukuta walipokufa wenye nao.

Upande wa jela nitaupita kwa ufupi, ingawa ndio unaoeleza mengi. Kwa wazee wetu, kwa miaka 63, kupelekwa ngomeni kulikuwa ni kufungwa. Mtu aliyekulia na neno hilo kama tishio la utotoni hawezi kulazimishwa aone fahari kwa sababu tu kuna tiketi na bustani. Wanaotaka tuipende ngome bila kulitaja hilo wanaharibu hoja yao wenyewe, na nasema haya nikiwa upande wao.

Kwa hiyo sitamwambia kijana anayeiona Fort Jesus kama kovu kwamba amekosea macho. Namuomba aelekeze hasira yake mahali panapostahili, kwenye vibao na masimulizi, badala ya mawe. Kalenda ya makapteni ipungue. Mamazrui wapewe karne yao kamili, utumwa ukitajwa wazi humo humo. Tungo za Muyaka zisomwe kwa Kimvita ndani ya kuta alizozisimamia. Wafungwa wa 1895 hadi 1958 wapate chumba chao, kwa ushahidi wa familia zao wakati bado kuna wanaokumbuka. Na chini ya jiwe la Cabreira, palepale langoni, pawekwe jingine kwa Kiswahili, lenye jina la Bwana Daud wa Faza na idadi ya wale wanawake.