Safari ya Dakika 40

Kazi yangu hunilazimu kusafiri kwa ndege, kila baada ya miezi michache, kati ya miji miwili ya kawaida ambayo hakuna hata mmoja ulio makao makuu ya kitu chochote, na kila mara tiketi huniambia kwamba safari ni ya dakika 40. Sina ugomvi na dakika hizo, kwa sababu ndege yenyewe hutimiza ahadi: hupaa, hutikisika kidogo, hutua. Ugomvi wangu ni na saa zote ambazo tiketi haizitaji. Safari iliyopita niliamka saa kumi na nusu alfajiri ili kuwahi ndege ya saa tatu asubuhi, na mke wangu, bila kufumbua macho, akaniuliza kama nahama nchi.

Uwanja wetu wa ndege umejengwa mbali na watu, jambo ambalo ni la haki, kwa kuwa hakuna anayependa kulala chini ya injini. Lakini umejengwa magharibi ya mji, na mji ninaokwenda uko mashariki, kwa hiyo hatua ya kwanza ya safari yangu ni kuukimbia mji ninaoufuata. Nikifika hupokewa na bango kubwa linalosema kwamba uwanja huu ni wa kimataifa. Nimejitahidi kuchunguza ni taifa gani jingine linalohusika, maana tangu nianze kuutumia sijaona ndege iliyotoka mbali zaidi ya mji wa jirani, lakini nimeamua kuheshimu matumaini ya aliyeandika.

Kuna Lango la 1 na Lango la 2. Yanatenganishwa na hatua tatu na kopo la taka, na yote mawili hufungukia mlango uleule. Hata hivyo, asubuhi ile spika ilitutangazia, kwa sauti ya mtu anayezungumza akiwa ndani ya pipa, kwamba abiria wetu wamehamishwa kutoka la kwanza kwenda la pili, nasi sote tukanyanyuka na mizigo, tukakimbia zile hatua tatu kwa uzito unaostahili, tukaketi tena na kuwatazama kwa dharau waliochelewa kuhama.

Katika kusimulia nimeruka ukaguzi, nao haurukiki. Pale kwenye ukaguzi wamefunga kamba za kupanga foleni, zinazokwenda na kurudi mara nne kana kwamba kuna mkutano wa hadhara, ilhali foleni nzima siku ile nilikuwa mimi peke yangu. Nilijaribu kuinama nipite chini ya kamba moja, nikarudishwa mwanzo, na nikazizunguka zote nne huku maafisa watatu wakinitazama kama mtu anayetafuta sindano. Kisha likaja suala la mafuta ya kujipaka. Tangu Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipofichua njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, abiria wengi duniani wamezoea sharti kwamba chombo cha kimiminika katika mzigo wa mkononi kisizidi mililita 100, nami sharti hilo silipingi hata kidogo. Ila chupa yangu ilikuwa ya mililita 150 na ndani yake yalibaki mafuta yasiyotosha kupaka viwiko viwili. Nilimwonesha afisa, nikaipindua, nikaikamua mbele yake, hakikutoka kitu. Akanieleza kwa upole kwamba yeye hapimi kilichomo, anasoma kilichoandikwa, kisha akaitupa kwenye pipa.

Halafu tukasubiri. Ndege hizi za pangaboi hufanya kazi kama daladala: huanza alfajiri mji huu, huenda ule, hurudi, huenda wa tatu, na kila kituo kikichelewesha dakika 20, abiria wa kituo cha nne hulipa deni la wote waliomtangulia. Sisi tulikuwa kituo cha nne. Saa tatu ikawa saa tano, saa tano ikawa saa saba mchana, na jua likapanda juu ya lami mpaka ndege iliyoegeshwa mbali ikaonekana kama inaogelea. Nalitaja jua kwa makusudi, kwa sababu ndilo lililonimaliza baadaye.

Tulipofika chini ya ngazi, kijana mmoja aliyevaa fulana ya kung'aa alilitazama begi langu akasema haliingii katika makabati ya juu ya viti, kwa kuwa ndege ni ndogo. Nilimjulisha kwamba asubuhi, pale kaunta, begi hilohilo lilipimwa katika kile kizimba cha chuma na likaingia bila kusukumwa. Akasema kizimba ni cha kaunta, kabati ni la ndege. Akalifunga karatasi, akalipeleka kwenye shehena, mahali ambapo, kama msomaji anavyojua, chupa ya mililita 150 inaruhusiwa kusafiri kwa raha zake. Laiti wangeninyang'anya begi kabla ya ukaguzi, mafuta yangu yangekuwa hai.

Ndani nikahamishwa kutoka safu ya 3 kwenda safu ya 17, kwa ajili ya kusawazisha uzito wa ndege. Najua ni jambo la kweli: katika ndege ya watu 70 rubani hana budi kujua uzito umekaa wapi. Lakini jirani zangu wawili wembamba waliachwa palepale, na mhudumu, aliponichagua mimi, hakusita hata kidogo. Nikajifariji kwa historia. Safari ya kwanza kabisa ya abiria iliyokuwa na ratiba ilikuwa ya watu kama sisi, kati ya miji miwili jirani, St. Petersburg na Tampa huko Florida, tarehe 1 Januari 1914: dakika zipatazo 23 juu ya ghuba, rubani mmoja, Tony Jannus, na abiria mmoja, Abram Pheil, aliyewahi kuwa meya, wamekaa bega kwa bega katika boti yenye mabawa. Huduma hiyo iliweka ukomo wa ratili 200, yaani kama kilo 90, abiria pamoja na mzigo wake. Nikapiga hesabu nikagundua kwamba mimi ningekubaliwa endapo begi lingebaki nyumbani, na pia endapo ningevua viatu.

Tulioneshwa namna ya kuvaa jaketi la kuokoa maisha, ingawa maji pekee tunayopita juu yake ni bwawa moja la ng'ombe. Tukapaa. Mhudumu alitoka mbio na trei ya vikombe vya maji, akanifikia safu ya 17 pua ya ndege ikiwa tayari imeinama, akanipa kikombe kwa mkono wa kulia na kukidai kwa mkono wa kushoto.

Uwanja wa pili nao ni wa kimataifa. Mkanda wake wa mizigo una urefu wa chumba changu cha kulala, na tuliuzunguka watu wote 70 mpaka ukazimwa, begi langu lisionekane. Bwana wa dawati la mizigo alinieleza vizuri sana: hewa ikipata joto huwa nyepesi, mabawa hushika kidogo, hivyo ndege iliyojaa ikiondoka saa saba mchana hulazimika kupunguza uzito. Wakapunguza begi langu, lenye suti na karatasi zote za mkutano. Akaniahidi kwamba litaletwa kesho kwa ndege ya asubuhi. Nikamwambia kesho asubuhi mimi ninarudi nyumbani kwa ndege hiyohiyo, kwa hiyo nikamwomba walipakie wasilishushe, tukutane hukohuko ndani. Akalifikiria ombi hilo kwa dhati, akasema haiwezekani: mzigo uliofika sharti ushushwe, uzungushwe kwenye mkanda, na mwenyewe atie saini kabla ya kuupeleka upya kaunta. Na kwa kuwa ndege husimama pale dakika 25 tu, akanishauri nifike saa mbili kabla.