Nyama ya hamira itamfaa nani huku Kusini?

Ng'oa mkunde shambani Nachingwea, mkoani Lindi, mvua zikiwa zimekolea, pasua kwa ukucha vile vinundu vya mizizini: ndani mna wekundu kama wa damu iliyochujuka. Rangi hiyo ni ya leghemoglobini, protini yenye himu, yaani chembe inayobeba madini ya chuma, hiyohiyo iliyomo kwenye damu na nyama. Soya nayo inayo. Patrick Brown, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliyeanzisha kampuni ya Impossible Foods mwaka 2011, aliamini himu ndiyo inayoipa nyama ladha yake ikipata moto. Kuchimba mizizi ya soya ekari kwa ekari kusingelipa. Basi kampuni ikachukua jeni ya protini hiyo na kuipandikiza kwenye hamira iitwayo Pichia pastoris, ikaikuza kwenye matangi, ikachuja protini na kuitia kwenye baga isiyo na nyama. Baga ilianza kuuzwa New York mwaka 2016. Mapishi ya sasa yana protini ya soya, mafuta ya alizeti na ya nazi.

Hofu kwanza, maana GMO (kiumbe kilichobadilishwa vinasaba) ikitajwa tu hofu ndiyo hufika kabla ya hoja. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilisema mwaka 2018 kwamba haina maswali zaidi juu ya usalama wake, na mwaka uliofuata ikairuhusu itumike kama rangi ya chakula kwa kiwango kisichozidi asilimia 0.8. Shirika la Center for Food Safety lilikwenda mahakamani kupinga, likashindwa mwaka 2021. Wapinzani wana jambo moja ninaloliona zito: panya wa majaribio walilishwa protini hiyo kwa siku 28 tu, ilhali mtu hula chakula miaka yote. Hata hivyo mgonjwa wa kisukari anayechomwa insulini pale hospitali ya Ligula, Mtwara, anatumia kazi ya vijidudu vilivyobadilishwa vinasaba, njia iliyoidhinishwa Marekani tangu 1982, na sijasikia mtu akiilalamikia. Kwa Waislamu, ambao ndio wengi pwani hii, jeni imetoka kwenye soya. Siku ikija jeni ya nguruwe masheikh watakuwa na kazi.

Upande wa kuiunga mkono, kinachonivuta si ladha. Ni chuma. Mwili hufyonza chuma cha himu kwa urahisi kuliko kile cha maharage na mboga za majani, na upungufu wa damu kwa wajawazito si habari ngeni kwenye kliniki zetu. Lakini hapohapo pana mwiba: wapo watafiti wanaoihusisha himu ya nyama nyekundu na saratani ya utumbo mpana, na kutoka kwenye mmea hakuisafishi moja kwa moja. Isitoshe, Marekani kwenyewe baga hizi zimekuwa ghali kuliko nyama ya ng'ombe. Mama wa Mikindani anayepika wali na mbaazi za nazi tayari anakula protini ya mimea, wala haitaki ijifanye ng'ombe.

Mkulima je? Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini kwake, bei ya Lindi na Mtwara iliporomoka. Ukisikia "nyama ya mikunde" unadhani mnunuzi wa pili amepatikana. Sivyo. Hamira hulishwa sukari, hailishwi mbaazi. Mbaazi zingehitajika kwenye kiwanda cha kukamua protini, na kiwanda hicho kinaweza kujengwa kesho bila kugusa jeni ya kiumbe chochote. Sukari tunayo kwenye mabibo yanayoozea chini ya mikorosho, ukiacha yanayoishia kwenye uraka, pombe ya mabibo, ila bibo halikai siku mbili, na tangi linataka chakula mwaka mzima.

Pichia yenyewe ina historia inayomgusa mtu wa Mtwara kuliko baga. Miaka ya 1970 kampuni ya mafuta ya Phillips Petroleum iliiendeleza kwa sababu hamira hii hula methanoli, na methanoli hutengenezwa kwa gesi asilia. (Ndiyo ileile inayopofusha watu kwenye gongo mbaya.) Walitaka chakula cha mifugo, lakini bei za mafuta zilipopanda baada ya 1973, hesabu zikagoma. Sisi tuna gesi ya Mnazi Bay, na Songo Songo kule Kilwa. Kwenye karatasi, Kusini ingelisha hamira bila kugusa shamba la mtu. Lakini safari ya gesi yetu tunaijua: bomba la kwenda Dar es Salaam lilizua ghasia Mtwara mwaka 2013, likakamilika 2015. Sioni kinachozuia matangi nayo yajengwe huko bomba linakoishia. Na Nachingwea imeshaonja mradi mkubwa wa wageni. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta ya kulimia karanga, wakatanguliza mashine, udongo na mvua wakaja kuviuliza baadaye. Mwaka 1951 wakaachia. Hata reli iliyojengwa kwa ajili hiyo iling'olewa.

Serikali ilisitisha majaribio ya mahindi ya GMO huko Makutupora, Dodoma, Novemba 2018. Kwangu, hamira iliyofungiwa tangini si sawa na mbegu inayorusha chavua kwa jirani, na ingestahili kujadiliwa kivyake. Kuipiga marufuku sioni sababu. Kuitengea fedha za umma sasa, hapana.

Fedha hizo ningezianzishia ukungu ambao haujabadilishwa chochote. Huko Java, kisiwa cha Indonesia, hutengeneza tempe: soya iliyochemshwa hutiwa ukungu wa Rhizopus, na kwa siku moja au mbili, kwenye joto la nyuzi 30 hivi, inashikamana kuwa kipande cha kukatwa kwa kisu na kukaangwa. Mbaazi nazo hutengenezewa hivyo. Joto hilo Lindi halilipiwi. Kituo cha utafiti cha Naliendele kingeanza na hilo, pamoja na akina mama wanaouza vitafunwa, kabla ya kufikiria hamira ya Marekani. Ustadi wa kukuza kijidudu kimoja bila vingine kuvamia ni uleule.