Nilivyoikimbia Chenji Yangu Mwenyewe

Kwa kuwa mwenzangu ameshakimwaga kwenye grupu kisa changu na muuza kofia kule Madagaska, na kwenye toleo lake kuna polisi (hakukuwa na polisi!), acheni niseme mwenyewe.

Ndiyo, nilikimbia. Ngazi za soko la Analakely, katikati ya Antananarivo, mji mkuu wao, mchana kweupe.

Mzee wa kofia za rafia alitaja bei kwa Kifaransa: elfu hamsini. Kifaransa changu ni cha namba tu, lakini mimi ni mtoto wa Kariakoo, siwezi kutajiwa bei ya kwanza nikakubali. Nikaguna, nikasema ishirini, nikajifanya naondoka, nikarudi. Tukaelewana arobaini. Nikatoa noti mbili za ariary (pesa ya kule) elfu ishirini ishirini, kifua mbele.

Hapo sasa.

Mzee akazitazama. Akanitazama mimi. Akazigeuza upande wa pili. Akafungua mdomo, akaufunga. Nikajua huyu anajuta, anataka kupandisha. Na sheria mnaijua, wazoefu wa soko la Karume mtanisaidia: muuzaji akianza kujuta, wewe uwe umeshafika kituoni. Nikavaa kofia, nikageuka.

"Monsieur!"

Nikaongeza mwendo.

"Monsieur! Monsieur!"

Sasa si yeye peke yake, ngazi nzima inaniita. Wachonga mihuri wamesimama. Mama mmoja amevuta beseni lake nisilikanyage. Naruka ngazi mbili mbili, moyo unagonga, kofia ikapeperuka. Nikaiacha! Mtu mzima nimelipia kofia, nimeiacha, bado nakimbia. Mbele kijana akanishika mkono, tena kwa upole, kama anayemshika mgonjwa wa malaria iliyopanda kichwani.

Mzee akashuka polepole, anahema, mkononi kofia yangu iliyokwisha kukanyagwa. Akanihesabia kiganjani mbele ya hadhira: elfu ishirini, elfu kumi, elfu mbili. "Francs," akasema, taratibu, kama anamfundisha mtoto kutamka. "Francs."

Jamani. Bei yote ile ilikuwa ya faranga za zamani! Madagaska ilijitoa kwenye ukanda wa faranga wa Ufaransa mwaka 1973 ikabaki na faranga yake, na tangu 2005 pesa rasmi ni ariary, moja kwa faranga tano. Noti zikabadilika, midomo ya wazee sokoni haikubadilika. Kofia ilikuwa ariary elfu nane. Duniani kuna mwizi mmoja tu aliyewahi kukimbia baada ya kulipa mara tano.

(Kwa nini tano? Ariary ni ndugu wa riale yetu ya pwani. Kipande kile cha fedha kilihesabiwa sawa na faranga tano za Kifaransa, hesabu ikaganda hapo. Nawapa elimu ili mpunguze kucheka.)

Mwenzangu, ambaye anaishi kule na haya yote anayajua, alikuwa juu kwenye ngazi ameshika mbavu. Eti alidhani najua.

Basi, nikaomba radhi kwa Kifaransa, kwa Kiswahili na kwa mikono. Kofia haikuvalika tena, ikabidi ninunue nyingine. Bei? Elfu hamsini. Sikubisha. Nikamrudishia noti yake ile ile ya elfu kumi.