1,889,773: namba yetu tunaisoma tu, hatuifungui

Sensa ya 2022 ilitoa jibu la Wazanzibari 1,889,773, na tangu hapo namba hiyo imekuwa ikitajwa kila panapozungumzwa maji, skuli au hospitali. Kutajwa inatajwa, ila kuvunjwavunjwa, nani anajali? Mimi naona walimu wetu wa hisabati wangewapa watoto namba hii waitafutie vigawo, wapumzike kidogo na 24 na 36.

Kwa macho utadhani ni namba tasa. Ni witiri, haiishii na 5, tarakimu zake zikijumlishwa zinaleta 43, kwa hiyo 3 haiingii. 7 haiingii, wala 11, wala 13. Ukiendelea hivyo karatasi inajaa, na mvivu ataishia njiani aandike “tasa”. Mwenye subira atafika kwenye namba tasa ya 52, yaani 239, na hiyo inaingia bila ya kubakisha kitu: 239 × 7,907.

Utamu unaanza hapo. Na hiyo 7,907 je, inavunjika? Huna haja ya kugawa tena hata mara moja. Ingekuwa inavunjika, ingekuwa na kigawo tasa kisichofika 89 (maana 89 × 89 tayari inaipita), na kigawo hicho kingeigawa pia 1,889,773. Zote hizo umeshazijaribu, zimekataa. Basi ni tasa, ya 999 kwa mpangilio. Mtoto aliyeling’amua hilo peke yake namhesabu mwanahisabati kuliko aliyekariri namba tasa zote hadi 100.

Najua nitaambiwa huu ni mchezo. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman waliusimamisha mfumo wao wa kuficha ujumbe juu ya mchezo huu huu: kuzidisha namba tasa mbili ni rahisi, kuzitenganisha zikiwa kubwa mno ni balaa hata kwa kompyuta. Ila hata pasingekuwa na faida hiyo, ningeshikilia msimamo wangu.

Wala tusiipigie ramli. Namba hii ni ya usiku mmoja wa Agosti tu. Angepungua mtu mmoja tungekuwa 1,889,772, yaani 2 × 2 × 3 × 23 × 41 × 167, namba yenye vigawo 48. Yetu ina vinne: 1, 239, 7,907 na yenyewe. Mtu mmoja tu!

Wakimaliza, wapewe mikoa. Mjini Magharibi 893,169, Kaskazini Pemba 272,091, Kusini Pemba 271,350, Kusini Unguja 195,873: jumlisha tarakimu za kila mmoja, utaona yote inagawika kwa 3. Kaskazini Unguja, wenye watu 257,290, wanabakisha 1, na ndio hao waliotufanya Zanzibar nzima tusigawike kwa 3.