"Vumilia Mpaka Upate Karatasi": Ushauri Unaowaumiza Ndugu Zetu Walioko Marekani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea kuwa mkalimani wa Waswahili wanaokwenda kuonana na mawakili wa uhamiaji katika jimbo la Ohio, na sijasahau siku ambayo dada mmoja kutoka pwani yetu alifungua fundo la leso, akatoa kadi yake ya ukazi na kuiweka mezani taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Juu ya kadi palikuwa na herufi CR1, alama ya ukazi wa masharti unaotokana na ndoa, na tarehe ya mwisho ilikuwa imebakiza wiki sita. Alikuwa amekwisha kutoka nyumbani kwa mumewe na alikuwa akilala sebuleni kwa rafiki yake. Wakili alipomuuliza kwa nini hakuja mapema, alijibu kwamba shangazi yake, ambaye ndiye aliyesimamia ndoa ile, alikuwa akimwambia kila anapopiga simu: "Vumilia, mwanangu, mpaka upate karatasi kamili."

Ushauri huo nimeusikia mara nyingi mno, kutoka kwa mashangazi, wajomba, masheikh na wachungaji, na naamini wote huutoa kwa mapenzi. Hata hivyo nasema waziwazi kwamba ni ushauri mbaya, kwa sababu unamwacha mtu ndani ya nyumba inayomuumiza kwa kuogopa sheria ambayo haisemi wanachodhani inasema.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1986, na ilitungwa ili kuzuia ndoa za udanganyifu. Mtu anayepata ukazi kupitia mwenza wake kabla ndoa haijatimiza miaka miwili hupewa kadi ya miaka miwili tu, na anaitwa mkazi wa masharti. Katika siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha, mume na mke hutakiwa kujaza pamoja fomu I-751 ili masharti yaondolewe na apate kadi ya miaka kumi. Neno hilo "pamoja" ndilo lililozaa hofu yote. Watu wengi wanaamini kwamba bila saini ya mwenza hakuna kadi, na bila kadi ni kurudishwa kwao.

Sivyo. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu kupeleka ombi peke yake ikiwa aliingia katika ndoa kwa nia njema na ndoa hiyo imevunjwa mahakamani, au ikiwa alipigwa au kufanyiwa ukatili na mwenza wake, hata kama hawajaachana. Tena anayeomba peke yake kwa sababu hizo halazimiki kusubiri zile siku 90, bali anaweza kupeleka ombi wakati wowote baada ya sababu kutimia. Kwa maneno mengine, dada yule alivumilia zaidi ya mwaka mzima akingoja saini ambayo hakuihitaji.

Kinachohitajika ni ushahidi kwamba ndoa ilikuwa ya kweli: mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, akaunti ya benki ya pamoja, marejesho ya kodi waliyojaza pamoja, picha, barua za watu waliowafahamu. Hapa ndipo wake zetu wengi huumia, kwa kuwa katika nyumba nyingi mume ndiye anayeandikwa kwenye kila kitu, na mke hana hata bili ya umeme yenye jina lake. Hilo si suala la mapenzi wala la kutoaminiana, na ningependa kila anayemleta mwenza wake nchini humu aliandike jina lake kwenye mkataba wa nyumba tangu mwezi wa kwanza.

Kuna tishio lingine linalosemwa sana wakati wa ugomvi: "Nitakufutia karatasi zako." Ukweli wake unategemea mtu yuko hatua gani. Kama ombi bado liko mezani na kadi haijatolewa, mdhamini, yaani mwenza aliyemwombea, anaweza kuliondoa, na talaka katika hatua hiyo kwa kawaida hulimaliza. Lakini kadi ikishatolewa, mwenza hana uwezo wa kuifuta, wala hawezi kujivua hati ya udhamini, fomu I-864, ambayo kwayo aliahidi kumtunza kifedha, kwa kumpa mwenzake talaka. Wajibu ule humfuata mpaka aliyedhaminiwa awe raia, au ahesabiwe robo 40 za mwaka za kazi, yaani kama miaka kumi, au aondoke nchini na kuacha ukazi wake, au mmoja wao afariki. Mwenye kadi ya miaka kumi akiachika, kadi yake inabaki palepale. Kinachobadilika ni safari yake ya uraia: badala ya kuomba baada ya miaka mitatu, kama anayeishi na mwenza ambaye ni raia, atasubiri mitano kama wakazi wengine.

Na kwa yule anayepigwa kabla hata hajapata kadi, tangu mwaka 1994 ipo sheria inayomwezesha kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360, mradi mwenza wake ni raia au mkazi wa kudumu. Maofisa wa uhamiaji wamekatazwa kumwarifu mnyanyasaji kuhusu ombi hilo. Akiwa ameachika kwa sababu ya ukatili huo, ana miaka miwili tangu talaka ya mahakama kuliwasilisha. Wanaume nao wanalindwa na sheria hiyo, ingawa ni wachache mno wanaokubali kusema.

Wapo ambao sheria imewaacha pabaya kweli. Mke wa mwanafunzi, au wa mfanyakazi mwenye viza ya muda, aliyekuja kama tegemezi, hupoteza hadhi yake siku talaka inapokamilika, na hana siku za neema kama zile anazopewa mfanyakazi aliyeachishwa kazi. Huo naona ni udhalimu. Ninachoweza kumwambia ni amwone wakili kabla hati ya talaka haijatiwa saini, si baada yake.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni talaka za sebuleni. Mume anatamka talaka mbele ya mashahidi wawili, mke anakaa eda, eda inaisha, na kwa dini yao kila mmoja yuko huru. Mke anapata mchumba, sheikh anafungisha nikaha, na mume mpya, ambaye ni raia, anamwombea kadi. Miezi inapita, barua inakuja: ombi limekataliwa, kwa kuwa machoni pa serikali ndoa ya kwanza haijavunjwa na ya pili si ndoa. Talaka iliyotamkwa ndani ya Marekani haitambuliki mpaka mahakama ya jimbo itoe hukumu yake. Sisemi talaka ya dini haina maana. Nasema masheikh wetu, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kupigiwa simu, wana amana ya kuuliza kabla ya kufungisha nikaha mpya: hukumu ya mahakama iko wapi? Hata nyumbani Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri lipite kwenye baraza la usuluhishi kisha mahakamani, na aliyeachika kule bila hati atakwama vilevile mbele ya ofisa wa ubalozi.

Ndoa nayo, bila talaka yoyote, inaweza kufunga mlango. Mkazi wa kudumu ambaye bado si raia akimwombea mwanawe, na mwana huyo akaoa au kuolewa kabla ya kupata viza, ombi linakufa. Nimewaona wazazi waliofanya harusi kubwa huku faili likiwa limesubiri miaka saba.

Kuhusu ndoa za karatasi, zile za kulipana fedha, sina utetezi nazo: adhabu yake hufika miaka mitano gerezani, na aliyepatikana na hatia hiyo hawezi tena kuombewa na mwenza mwingine, hata akipendana naye kwa dhati. Lakini ndoa iliyofungwa kwa moyo ikashindikana si udanganyifu, na hakuna anayepaswa kupigwa ili kuthibitisha kwamba alipenda.

Mwaka jana nilihudhuria kikao cha usuluhishi nyumbani kwa mzee mmoja. Kabla ya kuuliza nani kamkosea mwenzake, mzee alimtaka kila mmoja aseme kadi yake iko wapi na inaisha lini. Mke alitazama chini. Mume alikaa kimya kidogo, kisha akainuka, akatoka nje kwenye baridi, akafungua buti la gari, na kurudi na bahasha yenye jina la mkewe.