Asilimia 5 ya Jua la Nairobi

Kila inapopendekezwa kwamba fuwele za nano (chembe ndogo mno) za titani dioksidi, unga mweupe unaochochea mmenyuko wa kemikali ukipigwa na mwanga, zisaidie kusafisha maji ya Nairobi, jibu la wapinzani huwa tayari: kichocheo hicho huamshwa na miale ya urujuanimno (UV), na miale hiyo ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua. Takwimu hiyo ni sahihi. Ninachopinga ni kuitumia kuufunga mjadala.

Tuipigie hesabu. Saa sita mchana, mbingu zikiwa wazi, mita moja ya mraba ya paa hapa jijini hupokea wati 1,000 hivi, na asilimia 5 yake ni wati 50 zisizolipiwa bili. Tena tuko karibu na ikweta, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako miale hiyo ni mikali kuliko pwani. Chembe zenyewe nazo ni ndogo mno: gramu moja ya unga uliozoeleka maabarani, wenye chembe za nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ina uso wa mita za mraba 50, yaani kama vyumba vitano vya kupanga vya futi 10 kwa 10. Juu ya uso huo mwanga huzalisha hidroksili kali, yaani vipande vya oksijeni na hidrojeni vyenye kushambulia kemikali nyingine, ambazo huzivunjavunja molekuli za kikaboni hadi, zikipewa muda wa kutosha, zibaki kaboni dioksidi, maji na chumvi.

Uwezo huo si jambo dogo. Watafiti wamekuta mabaki ya antibiotiki na ya dawa za ARV katika Mto Nairobi, na mabwawa ya majitaka kama yale ya Ruai hayakubuniwa kwa ajili ya molekuli sugu za namna hiyo. Makaa amilifu, yaani makaa yaliyotayarishwa kunasa uchafu wa majini, huzinasa bila kuzivunja, kwa hiyo mwishowe makaa yenyewe hugeuka taka.

Pingamizi zenye uzito ni nyingine. Chota maji ya mto huo pale Gikomba baada ya mvua, uyatie kwenye chupa angavu: hukioni kidole chako upande wa pili, na mwanga nao haupenyi. Unga ukichanganywa na maji ni mgumu kuchuja; ukigandishwa kwenye kioo haupotei, ila kasi hupungua. Vilevile rangi ya buluu iliyotiwa majini kwa majaribio kutoweka glasini, onyesho linalopendwa sana maabarani, si ushahidi kwamba molekuli imekwisha, kwani vipande vinavyobaki huweza kuwa na madhara.

Kwangu mimi, hoja hizo zinatuelekeza mahali pa kukiweka kichocheo, wala hazikiondoi. Hakuna anayepaswa kuutibu mto mzima kwa unga. Mahali pake ni hatua ya mwisho, katika trei za kina kifupi, kwa majitaka ya hospitali au ya kiwanda cha dawa yaliyokwisha kutuama na kuchujwa. Na jaribio likifanyika, kipimo kiwe jumla ya kaboni ya kikaboni iliyobaki majini, si rangi, na lirudiwe Julai, wakati mawingu yanapotanda jijini siku nzima.