Kununua nyumba nje ya nchi kwa noti: tatizo halipo siku ya kununua

Kila watu wakiongelea kununua nyumba au kiwanja nje ya nchi, mabishano ni yaleyale. Mmoja atasema beba hela yako, mpe muuzaji mkononi, chukua hati, achana na benki na maswali yao yasiyoisha. Mwingine atamjibu kwa ukali kwamba anayetembea na noti ni mtakatishaji fedha tu, hakuna cha zaidi. Mi naona wote wanaongelea siku ya kununua, wakati mgeni aliyelipa kwa noti anaumia siku ya kuuza.

Tuelewane kwanza kwenye neno lenyewe. Watu wakisema fulani kanunua nyumba keshi, mara nyingi wanamaanisha kalipa yote bila mkopo na hela imetoka akaunti kwenda akaunti. Hiyo haina ishu. Naongelea noti zenyewe, zile za kuhesabu mezani.

Na wanaopenda noti tusiwadharau, wana sababu. Argentina Desemba 2001 watu waliamka wakakuta wanaruhusiwa kutoa kiasi kidogo tu cha hela zao benki, na mwanzoni mwa 2002 akaunti za dola zikageuzwa kuwa peso kwa kiwango cha peso 1.40 kwa dola, halafu mwaka huohuo dola ikapanda hadi zaidi ya peso 3. Yaani umeweka dola, unarudishiwa chini ya nusu yake. Ndo maana nyumba nyingi Buenos Aires zimeendelea kuuzwa kwa dola za noti, mnunuzi na muuzaji wanakaa kwenye chumba cha benki au kwa notari (mwanasheria anayeidhinisha hati), mashine inahesabu, noti zinakaguliwa, na zile dola mia za zamani zenye picha ya kichwa kidogo wapokeaji wengi wanazikataa au wanataka wapewe punguzo, wakati Marekani thamani yake ni ileile. Lebanon nako tangu 2019 benki zimeshikilia dola za wateja. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia aiamini benki atakuona humwelewi, na ana haki.

Ila huyo ni mwenyeji, analipana na mwenyeji mwenzake kwa desturi ambayo kila mtu pale anaijua. Mgeni yuko kwenye hali nyingine kabisa, na hapa ndo napotaka tukae kidogo.

Chukua Uhispania. Mchezo wa zamani kule ni bei mbili, moja inaandikwa kwenye hati na nyingine inapita chini ya meza kwa noti. Tuseme nyumba ni euro 200,000, muuzaji anakuomba 50,000 mkononi, hati inasoma 150,000. Unaona umepata unafuu, maana kodi ya uhamisho unalipa kwa bei ya kwenye hati, na tukisema ni asilimia 8 umeokoa 4,000. Miaka inapita, unauza kwa 210,000, na mnunuzi wako wa safari hii anataka bei yote iandikwe. Faida yako ya kweli ni 10,000, lakini serikali inasoma hati, na hati inasema umepata 60,000. Mgeni asiyeishi kule anatozwa asilimia 19 ya faida, kwa hiyo unadaiwa 11,400 badala ya 1,900 (tukiacha gharama nyingine). Kodi imekula faida yote na bado imechota kwenye mtaji wako! Na huna pa kulalamika, maana ukisema nililipa 50,000 nyingine utaulizwa ushahidi uko wapi, na ukiuonyesha umejishitaki mwenyewe. Aliyefaidika ni yule muuzaji wa kwanza, kodi yake amekuachia wewe.

Hata bila huo ujanja, kuna swali la kurudisha hela nyumbani. Thailand mgeni wa kawaida akinunua kondo (fleti kwenye jengo la ghorofa), ofisi ya ardhi inataka ushahidi kwamba malipo yaliingia nchini kama fedha za kigeni, na karatasi hiyohiyo ndo inamsaidia akija kuuza na kutuma hela zake nje. Uturuki tangu Januari 2022 mgeni anabadilisha kwanza fedha zake za kigeni benki, anapewa cheti, ndipo hati inaandikwa. Watu wanaziona hizi karatasi kama usumbufu, mi naona ndo mlango wa kutokea.

Na kiukweli uwanja wa noti unazidi kuwa mdogo. Ujerumani tangu Aprili 2023 nyumba hainunuliwi kwa noti kabisa, Ufaransa malipo yanayopitia kwa notari yakizidi euro 3,000 yanatumwa kibenki, na Julai 2027 Umoja wa Ulaya wote unaanza kikomo cha euro 10,000 kwa malipo ya noti kwenye biashara.

Halafu kuna kosa lingine, watu wanadhani kuvuka mpaka na zaidi ya dola 10,000 Marekani au euro 10,000 Ulaya ni marufuku. Si marufuku, unatakiwa kutoa taarifa forodhani kwa kujaza fomu, na kuijaza sio kulipa kodi. Anayekamatwa ni aliyenyamaza, na hela inaweza kushikiliwa yote. Kama huna njia zaidi ya kubeba, ile fomu yenye muhuri itunze kama hati ya nyumba, maana benki ya kule itakuuliza hela imetoka wapi na hiyo ndo mwanzo wa jibu.

Pale ambapo nakubaliana kabisa na wenye noti ni hapa: kuna mtu hela yake ni halali, ana stetimenti, ana mkataba aliouzia kiwanja chake, fomu ya forodha anayo, na bado benki ya nchi anayonunua inakataa kumfungulia akaunti kwa sababu tu ya pasipoti yake. Huyo amefuata kila kitu na bado anasukumwa kwenye chini ya meza. Serikali ikipiga marufuku noti halafu isiilazimishe benki yoyote kumpokea mtu kama huyu, imemfungia nje mnunuzi msafi, na hilo sijaona wanaotetea hizi sheria wakilijibu vizuri.